Umebadilisha swingamu ya pikipiki ya zamani na sasa kuna tatizo: anza na dalili

Swingamu ni ule mkono wa nyuma unaoshika gurudumu na kupanda na kushuka pamoja na shokapu. Kwenye pikipiki za zamani hubadilishwa kwa sababu zinazojulikana: ya awali imeliwa na kutu, imepinda kwenye ajali, imepasuka karibu na sehemu iliyochomelewa, au mwenyewe anataka iliyo imara zaidi. Inayokuja badala yake huwa ya modeli ileile iliyokwisha kutumika, au nakala iliyotengenezwa upya, au imetoka kwenye pikipiki nyingine kabisa. Malalamiko yanayofuata yanafanana sana, na mengi yana mzizi mmoja: hapakupimwa pale kwenye mhimili, yaani mahali swingamu inapozungukia kwenye fremu, kisha nati ikakazwa ili kuvilazimisha vyuma vikubaliane. Nati ina nguvu ya kutosha kuficha kosa la nusu milimita. Barabarani kosa hilo halijifichi.

Kabla ya kuingia kwenye dalili, ni lazima kuelewa nini kinabana nini. Ekseli ya swingamu hupita sikio moja la fremu, ikapita ndani ya kola, yaani bomba dogo la chuma linaloivaa ekseli, ikatokea sikio la pili. Ukikaza nati, masikio ya fremu yanaibana kola, na vitu hivyo vitatu vinakuwa kitu kimoja kisichozunguka. Swingamu yenyewe haibanwi. Inazunguka juu ya kola kwa kupitia bushi au beringi. Kwa hiyo kola lazima iwe ndefu kidogo kuliko upana wa bomba la swingamu pamoja na washa zake za pembeni. Tofauti hiyo kwa kawaida ni kati ya 0.1 mm na 0.3 mm, kitabu cha huduma cha modeli yako ndicho chenye neno la mwisho. Ukishika jambo hilo moja, nusu ya dalili zilizo hapa chini zitajieleza zenyewe.

Vipimo vyote vya mhimili vifanywe gurudumu, shokapu na cheni vikiwa vimetolewa. Kitu kimoja kati ya hivyo kikibaki, mkono wako hautahisi kinachotokea. Pikipiki isimamie kitu imara chini ya fremu, ifungwe kwa kamba pande zote mbili. Jeki moja katikati haitoshi, maana utakuwa unavuta na kusukuma ukiwa karibu nayo.

Dalili: swingamu haiingii kati ya masikio ya fremu

Sababu inayoongoza ni rangi. Fremu iliyopakwa rangi ya unga hupata tabaka nene mpaka kwenye nyuso za ndani za masikio, mahali ambapo chuma kinatakiwa kugusa chuma. Kwangua nyuso hizo mpaka chuma kionekane, kisha jaribu tena. Usitumie grenda, kisu cha kukwangulia na msasa laini vinatosha, kwani unatoa rangi tu, chuma kibaki.

Ya pili ni vifuniko vya vumbi na washa. Swingamu iliyotumika mara nyingi huja na washa za zamani zimeng'ang'ania pembeni, na mfungaji anaongeza mpya juu yake. Osha mwisho wa bomba kwa mafuta ya taa, uhesabu vilivyopo, na ulinganishe na mchoro wa vipuri.

Ikiwa bado haiingii, pima kwa venia, yaani kipimo cha taya chenye kusoma sehemu za milimita, upana wa bomba pamoja na washa, kisha nafasi kati ya masikio. Hapa ndipo utagundua kama muuzaji alikupa ya mwaka mwingine. Watengenezaji walibadilisha upana wa mhimili bila kubadilisha jina la modeli, na kwa macho swingamu hizo mbili ni pacha. Bomba la chuma lenye ziada ndogo fundi mkereza anaweza kulipunguza, akikata sawa pande zote mbili ili gurudumu lisihame katikati. Ziada ikizidi milimita moja au mbili, hiyo si swingamu ya pikipiki hiyo.

Sababu ya mwisho, ambayo ni nadra, ni fremu iliyobanwa na ajali. Usitanue masikio kwa jeki. Yatatanuka, lakini hayatabaki sambamba, na utakuwa umenunua tatizo la dalili inayofuata. Hiyo ni kazi ya mwenye meza ya kunyooshea fremu.

Dalili: swingamu imeingia lakini ekseli haipiti

Usiipige nyundo kwanza. Fanya majaribio matatu kwa mpangilio huu: pitisha ekseli kwenye fremu tupu, kisha kwenye swingamu ikiwa mezani, kisha vyote pamoja. Jaribio litakalogoma linakuambia pa kutafuta.

Ikigoma kwenye fremu tupu, tafuta rangi ndani ya matundu, au kingo zilizovimba kwa kupigwa nyundo na waliotangulia. Vikiwa safi na bado ekseli inagoma upande wa pili, zungusha ekseli yenyewe juu ya kioo kinene. Iliyopinda itaonyesha mwanga chini yake inapozunguka. Ekseli iliyopinda hainyooshwi, inatupwa. Ikiwa ekseli ni nzima na matundu hayaelekeani, fremu imejipinda. Simama hapo umwite mtaalamu.

Ikigoma kwenye swingamu mezani, karibu kila mara ni bushi. Bushi za shaba nyeusi, kama zile za Triumph nyingi za mitungi miwili, hupungua kipenyo cha ndani zinapokandamizwa kwenye bomba. Ni kawaida yake. Baada ya kuingizwa hupanuliwa kwa rima, yaani kifaa cha kupanua tundu kwa usahihi, iliyo ndefu na inayopita bushi zote mbili kwa mstari mmoja. Kupanua kila upande peke yake kwa rima fupi huzaa matundu mawili mazuri yasiyoonana. Kama huna rima hiyo, mpelekee fundi mkereza swingamu pamoja na kola, umwambie anachopaswa kupima ni jinsi kola inavyozunguka ndani ya bushi zote mbili kwa pamoja.

Ikipita kila mahali peke yake lakini ikagoma vikiwa pamoja, rudi kwenye upana na washa. Na kabla ya kukaza chochote, hakikisha hesi za nati na ekseli ni za familia moja. Pikipiki za Uingereza za miaka ya 1950 na 1960 zilitumia hesi za mifumo ya inchi: CEI, BSF na Whitworth. Nati ya milimita inaweza kuingia mizunguko miwili ya kwanza kwa upole, kisha ikala hesi yote. Nati sahihi huingia kwa vidole karibu mpaka mwisho.

Dalili: nati ikilegea swingamu inacheza vizuri, ikikazwa inakuwa ngumu

Hii ndiyo dalili inayoripotiwa kuliko zote, na ndiyo inayotibiwa vibaya kuliko zote. Wengi huilegeza nati mpaka mkono ucheze, wakaongeza nati ya pili ya kufunga, wakaondoka. Kumbuka kilichoelezwa juu: kola isipobanwa, itazunguka juu ya ekseli. Grisi haifiki hapo. Ekseli italiwa, kisha matundu ya fremu yatapanuka, na matundu ya fremu hayauzwi dukani.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Inua swingamu tupu mpaka iwe sawa na ardhi, uiachie. Inatakiwa ishuke kwa uzito wake yenyewe, kwa utulivu, bila kukwama njiani. Fanya hivyo kabla ya kukaza nati, kisha baada ya kuikaza kwa spana ya toki, ile inayoonyesha nguvu ya kukaza, kufuata kipimo cha kitabu. Mwendo usibadilike.

Ukibadilika, sababu ya kwanza ni kola fupi. Itoe, uipime, upime na bomba la swingamu pamoja na washa zake. Kola ikiwa fupi kuliko bomba, au zikilingana, masikio ya fremu yanaibana swingamu yenyewe. Hutokea sana kwa kola iliyotumika, ambayo ncha zake zimeliwa, na kwa seti za bushi mpya ambazo shingo zake, yaani kingo zinazobaki nje ya bomba, ni nene kuliko za awali. Tiba ni kukerezewa kola mpya ya chuma kigumu yenye urefu sahihi, au kupunguza kwa uangalifu shingo za bushi. Ninapendelea kugusa bushi, kwa sababu bushi ni rahisi kupata tena.

Sababu ya pili ni bushi iliyoibana kola. Kola izungushe kwa vidole ndani ya bushi zote mbili. Ikiwa nzito mezani, haitakuwa nyepesi kwenye fremu. Kwenye Yamaha XS650 na pikipiki nyingi za Kijapani za miaka ya 1970, bushi za kiwandani zilikuwa za plastiki. Wengi huziondoa na kuweka za shaba, na ni hatua nzuri, ila za shaba zinahitaji nafasi na grisi ambavyo plastiki ilisamehe.

Ya tatu inahusu bushi za mpira zilizogandishwa kati ya vyuma viwili, kama zile za BSA A10. Hapa hakuna kinachozunguka. Chuma cha ndani kinabanwa na fremu, cha nje kinashikwa na swingamu, na mpira wa katikati ndio unaojisokota. Swingamu ya aina hii haitaanguka kwa uzito wake, na hilo si kosa. Kosa ni kukaza nati swingamu ikiwa imening'inia chini kabisa. Mpira utajisokota kupita kiasi kila unapokaa kwenye kiti, na utachanika mapema. Funga kila kitu nati ikiwa imelegea, weka gurudumu na shokapu, shusha pikipiki ardhini, mtu akae juu yake, ndipo ukaze.

BMW za mitungi miwili iliyolala, kama R75/5, zina utaratibu wake: beringi za koni pande zote mbili na pini za kurekebisha. Ugumu hapo hutokana na pini zilizokazwa kupita kiasi, na swingamu inatakiwa ikae katikati ya fremu kwa nafasi iliyo sawa kushoto na kulia. Fuata kitabu hatua kwa hatua.

Dalili: mkia unayumba, hasa kwenye kona na mwendo wa kasi

Tofautisha kwanza. Usukani kutetemeka haraka haraka, kati ya mara 4 na 10 kwa sekunde, mara nyingi ni jambo la mbele. Pikipiki nzima kujinyonga taratibu, mara 2 hadi 4 kwa sekunde, kama vile nyuma inataka kwenda njia yake, ndiyo inayoelekeza kwenye mhimili wa swingamu. Mkia ukiyumba hivyo, usiendelee kuendesha kwa kasi "kuupima". Simamisha, urudi polepole.

Ukaguzi rahisi kwanza: upepo wa tairi. Halafu beringi za gurudumu: shika tairi juu na chini, tikisa, mchezo ukisikika kati ya gurudumu na swingamu, beringi zimekwisha. Halafu spoku zilizolegea. Ni baada ya hapo ndipo uguse mhimili: shika ncha za swingamu karibu na ekseli ya gurudumu, vuta kushoto na kulia huku msaidizi ameweka kidole kwenye maungio ya swingamu na fremu. Kidole kinahisi kile ambacho jicho halioni.

Mchezo mdogo pale mbele ni mkubwa kule nyuma. Chukua bushi zilizo mbali kwa 200 mm, kila moja ikiwa na nafasi ya 0.2 mm juu ya kola, na ukingo wa nyuma wa tairi ukiwa 750 mm kutoka kwenye mhimili. Tairi litaweza kwenda upande hadi upande kwa takribani 1.5 mm bila chuma chochote kupinda. Ndiyo maana bushi inayoonekana "bado ina maisha" mkononi huharibu pikipiki nzima barabarani.

Sababu kwa mpangilio: bushi zilizoliwa, kola iliyoliwa ndani ya bushi mpya, kwani watu hubadilisha bushi wakaacha kola ya zamani, nati isiyokazwa ipasavyo, matundu ya fremu yaliyopanuka. Mbili za mwanzo zibadilishwe kwa pamoja. Ya mwisho inataka fundi wa mashine atoboe upya na kuweka vikombe vya chuma. Kuijaza weldi na kutoboa kwa mkono hakutarudisha mstari.

Norton Commando inastahili neno lake. Swingamu yake haifungwi kwenye fremu moja kwa moja, bali kwenye kibebeo cha injini na giaboksi, na kibebeo hicho kimeegemea mipira ya Isolastic. Mkia ukiyumba, pima nafasi ya Isolastic kabla ya kulaumu swingamu. Vilevile bushi zake hulainishwa kwa oili nzito ya SAE 140. Ukisukuma grisi pale, oili haitapita tena na bushi zitakauka zikiwa zimezungukwa na grisi.

Dalili: gurudumu haliko katikati, cheni inakula spoketi upande mmoja

Usiamini mistari iliyochongwa kwenye swingamu. Pima kutoka katikati ya mhimili hadi katikati ya ekseli ya gurudumu, kushoto na kulia, na usawazishe kwa virekebisho vya cheni. Kisha laza ubao mnyoofu juu ya uso wa spoketi ya nyuma, uone kama unaelekea spoketi ya mbele. Kipimo cha tatu ni uzi: uzungushe nyuma ya tairi la nyuma, uvute mbele pande zote mbili, na ulinganishe nafasi kwenye tairi la mbele.

Mara nyingi gurudumu limewekwa tu likiwa mshazari. Vipimo viwili vya mhimili vikiwa sawa na bado spoketi hazionani, tatizo ni spesa za ekseli. Swingamu ya pikipiki nyingine karibu daima inataka spesa mpya. Zikerezwe kwa chuma kipande kimoja. Rundo la washa halifai, maana kila washa ni mahali pa kulegea. Nafasi kati ya ncha za swingamu ikiwa kubwa kuliko habu na spesa zake, usiivute kwa nati ya ekseli. Ncha zitapinda ndani na mahali pa kufungia shokapu patageuka.

Spoketi zikionana lakini rimu iko pembeni, rimu ya spoku inaweza kusogezwa kwa kurekebisha spoku. Mwachie anayejua kazi hiyo.

Na ukiweka swingamu mezani juu ya vitalu viwili vilivyo sawa, ekseli mbili zikiwa ndani yake, ukakuta hazilali sambamba, swingamu imejipinda. Hainyooshwi nyumbani.

Dalili: cheni inalegea na kukaza suspenshen inapofanya kazi

Kiasi fulani ni lazima. Cheni hukaza zaidi pale katikati ya spoketi ya mbele, mhimili na ekseli ya gurudumu vinapokuwa kwenye mstari mmoja. Toa shokapu, inua gurudumu mpaka ufikie mstari huo, urekebishe cheni ibaki na ulegevu kidogo hapo, kisha rudisha shokapu na upime ulegevu mpya pikipiki ikiwa imesimama. Namba hiyo iandike. Ndiyo yako sasa, ya kitabu haitumiki tena kwa swingamu ya urefu tofauti. Cheni iliyokaza sana huvunja beringi ya shafti ya giaboksi, na ukarabati huo unazidi kazi yote hii.

Cheni ikisugua juu ya swingamu, angalia kama kilinzi cha plastiki kimewekwa. Swingamu nyingi zilizotumika huuzwa bila hicho.

Dalili: breki ya nyuma inanata, inagonga, au kanyagio limebadilika

Kwenye breki ya dramu kuna fimbo inayoishikilia sahani ya breki isizunguke pamoja na gurudumu. Swingamu ya pikipiki yenye breki ya diski mara nyingi haina sikio la kufungia fimbo hiyo. Usiendeshe hata mita chache bila fimbo hiyo. Ukikanyaga breki, sahani itazunguka, itang'oa kiungo cha kanyagio, na gurudumu linaweza kufunga ghafla. Sikio jipya lichomelewe na fundi mwenye ujuzi wa kuchomelea fremu, tena kwenye swingamu ya chuma. Swingamu ya alumini isichomelewe bila mtu anayejua aina ya aloi hiyo, kwa sababu joto hulainisha alumini pembeni ya weldi na mpasuko huja baadaye.

Bolti za fimbo hiyo ziwe na pini ya kufunga au nati isiyolegea. Swingamu ikiwa ndefu kuliko ya awali, kiungo cha breki nacho kirefushwe, na breki inapokamatwa kabisa pembe kati ya kiungo na mkono wa breki isipite nyuzi 90.

Dalili: nyuma imekuwa laini au imepanda

Swingamu ikirefuka huku mahali pa shokapu pamebaki palepale, nguvu ya springi kwenye gurudumu hupungua. Kutoka 450 mm hadi 500 mm ni punguzo la karibu asilimia 19. Springi ngumu zaidi ndizo tiba. Kukaza springi zilezile kutainua pikipiki bila kuiongezea ugumu. Mahali pa shokapu pakiwa pametofautiana kushoto na kulia, rudi kwenye kipimo cha vitalu mezani.

Dalili: milio

Mlio wa kukwaruza ni ukavu. Sukuma grisi mpaka itokee pande zote mbili. Ikitokea upande mmoja tu, tundu la bushi halikuelekezwa kwenye nipo, yaani chuchu ya kuingizia grisi. Mlio wa chuma kugonga unapoachia klachi ni nati, spesa au bushi za shokapu.

Mlio wa kutikatika usioonekana chanzo unataka ukaguzi wa nyufa. Safisha rangi kuzunguka maungio ya bomba la mhimili na masikio ya shokapu, halafu tumia dawa ya rangi ya kupenyeza inayoonyesha nyufa. Ufa ukionekana, hata mfupi kama kucha, pikipiki haitembei.

Baada ya safari fupi ya kwanza, kagua nati zote ulizogusa. Piga mstari wa rangi kati ya nati na ekseli ili uone kama imezunguka. Ikiwa imetoka kwenye mstari, usiikaze tu na kuondoka: fungua, upime kola upya.